Zabibu za Ugogo na Njia ya Tabora

Watu wa misafara waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 waliipima njia yao kwa maji. Tangu pwani hata milima ya Usagara mito ilikuwa mingi, na taabu yao huko ilikuwa matope na homa. Walipokwisha kuipita Mpwapwa mambo yaligeuka: mbele yao palikuwa Marenga Mkali, kisha Ugogo, kisha Mgunda Mkali, na ndipo walipotokea Tura, mlango wa Unyamwezi, wakapumua. Sehemu hii ya katikati iliogopwa kuliko zote. Wapagazi walitoroka kabla ya kuiingia, wenye mali waliweka akiba ya nguo kwa ajili yake, na Wazungu walioandika habari za safari zao waliieleza kuwa nchi ya kiu, vumbi na ushuru.

Leo nchi hiyo hiyo ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania. Mashamba ya mizabibu yameuzunguka mji wa Dodoma: yako Bihawana, Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo, Makutupora, Mvumi, hata Chinangali katika wilaya ya Chamwino. Msomaji wa vitabu vya safari hatakosa kutambua baadhi ya majina hayo, maana Mvumi, Matumbulu na Bihawana vilikuwa vituo vya misafara. Tabora yenyewe, iliyokuwa shabaha ya safari na bustani ya bara, haikupata kuwa nchi ya zabibu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yana asili moja: ukavu uliomtesa mpagazi ndio unaoufaa mzabibu, na sifa mbaya ambayo Ugogo ilipewa na wapita njia ilificha kwa muda mrefu uwezo wa ardhi yake.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ya mahali katika njia hii yalitungwa na watu waliokuwa na kiu. Katika Kigogo maji huitwa malenga. Marenga Mkali basi ni maji makali, maana yake machungu, yenye magadi na chumvi. Mwenye kuijali sarufi ataona mara moja kwamba jina hili halifuati upatanisho wa Kiswahili, ambao ungetaka “makali”. Twaweza kuona hapa lugha ya misafara yenyewe: jina la Kigogo limeshikwa na Mswahili au Mnyamwezi, likafanywa kuwa jina la mahali, na kivumishi kikaliangukia bila kuuliza ngeli yake. Mgunda Mkali, uliokuwa upande wa pili wa Ugogo, ni jina la namna hiyo hiyo. Mgunda ni shamba katika lugha kadha wa kadha za bara, na Burton alilieleza jina hili kuwa shamba la moto. Ilikuwa nchi ya vichaka vizito visivyo na watu, na sehemu yake kubwa ni ile ambayo wataalamu wa mimea wa leo huijua kwa jina la vichaka vya Itigi.

Neno jingine lililozaliwa na kiu, au tuseme lililopata kazi yake kubwa katika kiu, ni kuterekeza. Msafara wa kawaida uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kuwa kali. Lakini palipokuwa na jangwa kati ya maji na maji, watu walipika na kula kwanza, wakajaza vibuyu, wakaondoka baada ya adhuhuri. Walikwenda hata usiku, wakalala pasipo maji, wakaamka mapema na kuyafikia maji ya pili kabla ya jua kupanda sana. Hiyo ndiyo terekeza, na Stanley alilitumia neno hili katika kitabu chake bila kulitafsiri kila mara, kana kwamba lugha yake haikuwa na neno la kutosha. Kuivuka Marenga Mkali kulihitaji terekeza. Siku hizi neno hilo limekaribia kusahauliwa na vijana, maana hakuna tena anayeivuka nchi hiyo kwa miguu yenye mzigo.

Baada ya mateso hayo msafara ulifika Unyanyembe. Burton na Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya Waarabu, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Walipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, ambaye ukarimu wake na ujuzi wake wa nchi Burton aliusifu sana. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao yake Ituru karibu na Tabora, na mmoja wa wakeze alikuwa Karunde, binti wa mtemi Fundikira; habari za ukoo huo zimo katika maisha ya Hamed bin Muhammed, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekisoma tangu mwanzo wa karne ya 20. Stanley alifika mwezi wa Juni 1871 akakaa Kwihara, na mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika nyumba hiyo hiyo hata Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani.

Wageni hao wote walishangaa kuona jinsi Waarabu walivyoishi. Nyumba zao zilikuwa tembe kubwa zenye baraza na milango iliyochongwa. Nyuma ya nyumba zilikuwako bustani za vitunguu na mboga. Ngano ilipandwa wakati wa kiangazi na kumwagiliwa maji. Mpunga ulikuwa tele, na miti ya matunda ilikuwa imeanza kukua. Miembe ya Tabora ingali hai mpaka leo, na mtu akitaka kujua njia ya zamani ilipita wapi kuelekea Ujiji, mara nyingi haina haja ya kumtafuta mzee wa kumwuliza: aifuate miembe.

Hapa linatokea swali. Waarabu wa Tabora wengi wao walikuwa watu wa Oman, na Oman ina nchi ya zabibu ya zamani, nayo ni Jabal Akhdar, ambako mizabibu na mikomamanga hulimwa juu ya ngazi za mawe na kunyweshwa kwa mifereji iitwayo falaji. Wellsted, Mwingereza aliyeizuru katika miaka ya 1830, alieleza wingi wa zabibu huko, tena alisema kwamba wenyeji walikamua divai na kuinywa, jambo ambalo majirani zao waliwalaumu. Basi watu waliojua mzabibu, waliojua kumwagilia, tena waliopenda bustani, walikaa Tabora miaka mingi. Kwa nini hawakuacha nyuma yao mizabibu kama walivyoacha miembe?

Mtu aweza kujibu kwa haraka kwamba ni sababu ya dini, kwa kuwa divai ni haramu. Jibu hilo halitoshi. Zabibu ni halali kwa kila Mwislamu, mbichi na kavu, na pilau ya harusi ya pwani huipenda. Nadhani sababu ya kwanza imo katika mbegu yenyewe. Kokwa ya embe ni mzigo mwepesi. Huliwa tunda kambini, kokwa ikatupwa, na mahali penye mvua kama ya Unyamwezi ikaota yenyewe bila kuombwa. Mzabibu haupandwi hivyo. Ukiotesha kokwa zake hupati tunda lililo sawa na la mama yake. Hapana budi ukate pingili za tawi na kuzipanda, na pingili hizo lazima zikae na unyevu tangu zinapokatwa hata zinapofukiwa. Sasa fikiri pingili zilizokatwa Jabal Akhdar, zikavuka bahari kwa jahazi hata Unguja, zikapandishwa barani kichwani mwa mpagazi kwa miezi mitatu au zaidi, zikapita Marenga Mkali kwa terekeza wakati mtu mwenyewe hana maji ya kunywa. Njia ile ilipitisha pembe, nguo, shanga, bunduki na watu. Mmea wenye kiu haikuupitisha kwa urahisi.

Lugha yetu inao ushahidi wake juu ya jambo hili, nao sijauona ukielezwa vya kutosha. Katika Kiarabu tunda bichi la mzabibu huitwa inabu. Zabibu ni jina la tunda lililokwisha kukaushwa. Kiswahili kimelichukua jina la tunda kavu na kulipa tunda bichi, na kutoka hapo tukapata mzabibu kwa mti wake. Mtu angetegemea kinyume chake ikiwa Waswahili wa kale walikuwa wakiuona mti bustanini. Lugha imelipokea tunda kama lilivyofika, nalo lilifika sokoni likiwa kavu, katika vikapu vya jahazi pamoja na tende na lozi. Leo tunapotaka kutofautisha twalazimika kusema zabibu kavu, maneno ambayo katika sikio la Mwarabu ni kama kusema ukavu mara mbili. Kinyume cha hayo, embe, limau na chungwa hayana shida kama hiyo. Majina yake ni ya matunda mabichi, na miti yake ilikuwa mlangoni.

Majina ya kinywaji nayo yana njia zao. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho, lililobaki pwani baada ya wenyewe kwenda zao, na kwa muda mrefu liliweza kutajwa kwa kila kileo kikali kilichotoka ng'ambo. Divai imekuja kwa Wafaransa, kutoka maneno yao du vin. Na kwa kuwa mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863 na kufungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, si ajabu kwamba neno hili lilikaa kanisani na lile la kwanza likakaa dukani. Biblia ya Kiswahili hutumia yote mawili. Watu wa bara kwa upande wao hawakungoja zabibu ili wapate kuburudika: Unyamwezi una pombe ya mtama na ina wanzuki, kileo cha asali, na kwa haki kileo cha asali ndicho kingestahili kuitwa divai ya Tabora, kwa sababu misitu ya miombo na nyuki wake ndiyo mali ya nchi ile tangu kale.

Mwaka 1878 Mapadre Weupe walipita njia hii kwenda Tabora na maziwa makuu. Shirika lao lilikuwa na mashamba ya mizabibu Maison-Carrée karibu na Algiers, kwa hiyo hawakuwa wageni wa ukulima huo. Lakini misa haisomwi bila divai, na divai yao ilibidi ipandishwe kutoka pwani kama mzigo mwingine wowote. Ilipita juu ya ardhi ya Ugogo ikiwa imefungwa katika masanduku, na wale walioibeba walilipa hongo kwa ruhusa ya kuipitisha.

Hongo yataka maneno machache, maana ndiyo iliyoipa Ugogo jina baya kuliko hata kiu. Kila mtemi ambaye msafara ulipita nchini mwake alidai nguo, na maafikiano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Burton alikutana na Magomba wa Kanyenye, akamlalamikia kwa kurasa nyingi. Stanley alilipa Mvumi, akalipa Matumbulu, ambayo aliiandika Matamburu. Kisha alifika Bihawana, na huko mtemi aliridhika na doti tatu tu, jambo ambalo lilimpendeza mgeni ingawa aliwasema vibaya raia wake. Kutoka Bihawana alifika Kididimo, ambako maji yalikuwa mabaya hata punda zake wakafa. Soma kurasa hizo upesi, nawe utaamini kwamba Wagogo walikuwa wanyang'anyi walioketi kando ya njia.

Lakini tuwafikirie wenyeji. Msafara mkubwa ulikuwa na watu mia tano, pengine elfu, na punda na mbuzi wao. Umati huo ulifika katika kijiji chenye visima vichache na ziwa moja, vilivyochimbwa kwa mikono ya watu wa kijiji, ambavyo lazima viwatoshe wao na ng'ombe zao hata Desemba. Wapita njia walikunywa, wakanywesha, wakanunua nafaka iliyokuwa akiba ya njaa, wakaondoka. Doti tatu za nguo ni bei ya maji hayo. Hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, tena haki iliyolipwa hadharani, mbele ya mashahidi. Neno hili leo limebaki katika Kiswahili kwa maana ya rushwa inayotolewa gizani, nami naona kwamba katika mabadiliko hayo tumekubali bila kufikiri hukumu ya yule aliyelipa kwa kunung'unika. Mathias Mnyampala, mwana wa nchi hiyo, alipoandika kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954, aliwapa wasomaji wa Kiswahili nafasi ya kuiangalia Ugogo kutoka ndani ya tembe, na yafaa kisomwe pamoja na vitabu vya wasafiri.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Ugogo ni uwanda wa juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari katika Dodoma. Upande wa mashariki imezuiwa na milima ya Ukaguru na Rubeho, inayopokea mvua za bahari na kuziacha upande wake wa pwani. Upepo unaofika Ugogo umekwisha kutua mzigo wake. Upande wa magharibi ni ukingo wa Bonde la Ufa, ambao msafiri alipaswa kuupanda karibu na Kilimatinde. Kati ya hayo liko bonde la Bahi, ambako mto Bubu hufika na kukwama katika mbuga yenye chumvi bila kupata njia ya kwenda baharini. Mvua ya Dodoma ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena haina uaminifu: mwaka mmoja hupita kiasi na miwili hupungua. Tabora imeinuka kidogo zaidi, mita 1,200, lakini hupata karibu milimita 900 hadi 1,000, na mvua zake huanza mapema.

Liko jambo moja ambalo mpagazi wa mwaka 1871 hakuweza kulijua. Kaskazini ya mji wa Dodoma, huko Makutupora, chini ya mchanga na miamba iliyopasuka, yamo maji mengi. Mji umenyweshwa na visima vya hapo kwa miongo mingi. Vipimo vilivyowekwa tangu miaka ya 1950 vimeonyesha kwamba maji hayo hayaongezwi na mvua ya kila mwaka. Hukaa yakipungua polepole, kisha mwaka wa gharika, kama ule wa El Niño wa 1997 hadi 1998, huyajaza kwa mara moja. Kwa hiyo Ugogo si nchi isiyo na maji. Maji yake yamo chini, na yataka mtu wa kukaa. Mpita njia huona ziwa lililokauka.

Reli iliimaliza kazi ya wapagazi. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili tatu. Lakini sifa ya Ugogo haikubadilika, na vita vya kwanza vya dunia viliizidisha: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na watu, mvua zikakosekana, na njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wengi mno kati ya 1917 na 1920. Njaa hiyo haikuletwa na ukavu peke yake. Hata hivyo katika maandiko ya serikali Ugogo iliandikwa nchi ya njaa, kama zamani ilivyoandikwa nchi ya kiu.

Kisha wakaja watu wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza shamba lake kubwa Kongwa, si mbali na mahali misafara ilipojiandaa kuiingia Marenga Mkali. Tena huko Urambo, magharibi ya Tabora, katika nchi ya Mirambo, na Nachingwea kusini. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, vichaka vikang'olewa, na udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji hata karanga zisingeweza kung'olewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Urambo baadaye ilipata heshima yake kwa tumbaku. Kongwa ikawa mahali pa ng'ombe. Wenye mpango waliitazama Ugogo wakaona ardhi tupu inayongoja mmea wowote watakaoupeleka. Swali la mmea upi unaopenda ukavu halikuulizwa kwanza.

Swali hilo lilijibiwa miaka michache tu baadaye, pasipo kelele, na mahali ambapo mtemi alipokea doti tatu. Katika miaka ya mwisho ya 1950 wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia walipanda mizabibu katika misioni yao ya Bihawana. Walikuwa watu wa nchi ambako mzabibu ni jirani wa kila nyumba, nao walihitaji divai ya altare. Lakini zaidi ya hayo walikuwa na kitu ambacho Snay bin Amir hakuwa nacho, yaani meli ya moshi, gari la moshi na barabara. Pingili iliweza kufika kabla haijafa. Kutoka misioni mmea uliingia vijijini, kwanza kama udadisi, kisha kama mali. Kituo cha utafiti kilianzishwa Makutupora, juu ya maji yale yaliyofichika, na aina ya zabibu nyekundu inayoitwa kwa jina la mahali hapo ndiyo imekuwa ya wakulima wengi, pamoja na aina za kigeni kama Chenin Blanc na Syrah. Serikali iliunda kampuni ya DOWICO kununua na kukamua. Ilipodhoofika na kufa, wakulima wengi waling'oa mizabibu yao kwa hasira, na wengine waliiacha ikakauka. Waliovumilia walipata wanunuzi wengine baadaye, CETAWICO ikiwa mmojawapo.

Ukulima wenyewe ni somo zuri la jiografia. Katika Ulaya mzabibu hulazwa na baridi. Majani huanguka, mti husinzia, na joto la masika huuamsha. Ugogo haina baridi ya kutosha kuulaza mti, na mti usiolala huchoka. Mkulima wa Dodoma ameichukua kazi ya majira mikononi mwake: hupogoa, na kupogoa huko ndiko kunakouambia mti kwamba mwaka umeanza. Miezi minne hivi baadaye vichala huiva. Kwa njia hiyo yapatikana mavuno mawili katika mwaka, moja karibu na Februari na Machi na jingine karibu na Agosti na Septemba. Mavuno haya mawili si ndugu sawa. Yale ya kwanza huiva katika unyevu, nao unyevu ndio mama wa ubwiri, ukungu unaokula majani na kuozesha vichala. Yale ya kiangazi huiva chini ya anga safi, usiku wa baridi kidogo na mchana wa jua, mizizi ikinyweshwa kwa kisima na majani yakibaki makavu, na sukari ya tunda hukusanyika vizuri.

Hii ndiyo tofauti na Tabora. Tabora nayo ina kiangazi, na mtu akipanda mzabibu uani kwake akaulea, utazaa. Lakini mvua yake huanza mapema, hudumu, na kuzidi ile ya Dodoma kwa karibu nusu tena au zaidi. Muda ambao majani hulowa ni mrefu, na mkulima wa huko ana tumbaku, mpunga, asali na maembe vinavyomlipa bila kugombana na ukungu. Baraka iliyoifanya Unyanyembe kuwa pumziko la wasafiri haimpi mtu sababu ya kuhangaika na mzabibu. Ugogo haikuwa na baraka hiyo, na kwa sababu hiyo ilikuwa na nafasi.

Nisije nikadhaniwa kwamba ninawatakia heri watu walioipata tayari. Zabibu nyingi za Dodoma hukamuliwa zikawa kile ambacho wafanya biashara huita mchuzi wa zabibu, yaani divai ambayo haijamalizwa, na mchuzi huo hupelekwa katika viwanda vya miji mingine kutengenezwa na kutiwa katika chupa. Viwanda hivyo vyaweza kununua mchuzi mzito kutoka ng'ambo pia, na kila unapokuwa rahisi, zabibu za Ugogo hubaki mitini. Serikali imejaribu kuisaidia nchi yake kwa kuweka chini ushuru wa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na msaada huo umefaa. Mashamba makubwa yenye umwagiliaji, kama lile la Chinangali, yamewaleta wakulima wadogo pamoja. Lakini kichala kilichoiva hakingoji. Kikikaa siku chache juani hunyauka, na mwenye kiwanda anajua hilo.

Katika mwaka 1871 mtemi wa Bihawana ndiye aliyeitaja bei, kwa kuwa maji yalikuwa yake na mgeni hakuweza kungoja. Siku hizi mwenye gari la kiwanda ndiye asimamaye kando ya shamba akiitaja, na asiyeweza kungoja ni mwenye shamba. Vijiji vinavyochimba matangi na kukamua zabibu zao wenyewe vinataka kupata siku chache za kungoja.